Mguu wa Jumapili

Mukakalisa, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Gisenyi, alikwenda kliniki siku ile kwa furaha ya mtu anayekwenda kupokea zawadi. Miezi sita nyuma, mradi mmoja ulimpa mguu wa bandia wa majaribio badala ya ule uliosagwa na lori. Ndani yake mlikuwa na kidude kidogo kama kifungo cha koti, cha kuhesabu hatua. Aliambiwa autunze vizuri, na kwamba anayeutumia atapewa wa kudumu.

Yeye alisikia "utunze". Na kwao kitu kizuri kinatunzwaje, jamani? Si kinawekwa! Sahani za wageni ziko kabatini, kitenge kipya kinangoja harusi. Basi mguu ukawa wa misa tu. Siku za kazi alijikokota kwa magongo kwenye matope, makwapa yakimchubuka, mguu uko nyumbani umefungwa katika shuka safi.

"Angalia, mutoto wangu," alimwambia Rugwiro, fundi wa miguu, akipandisha kitenge kwa fahari. "Hakuna hata mukwaruzo. Sasa ile mupya iko wapi? Binti yangu Umutesi anaolewa samedi, Jumamosi hii. Baba yake alishakufa, ni mi nitamusindikiza mpaka mbele ya kanisa, na miguu mbili."

Rugwiro alisoma hesabu za kidude kwenye kompyuta, akasoma tena.

"Mama, hapa zipo hatua za Jumapili tu. Siku nyingine, hakuna. Wakubwa wa mradi wameandika kwamba huuhitaji. Jina lako limekatwa."

"Mi siuhitaji?"

Ebo! Hata kusimulia kunanipandisha hasira. Kidude hakikusema uongo, na mama wa watu hakudharau kitu.

Rugwiro alipiga simu palepale, akabembeleza wamwachie walau hadi Jumapili. Wapi! Vipuri vya mguu ule vilikwishapata mtu mwingine, vinatakiwa leo. Kijana akakata simu, machozi yakimlenga.

Mukakalisa hakupiga kelele. Alifungua mikanda mwenyewe, akaufuta mguu vumbi kwa pindo la kitenge, akaukabidhi. Kisha akampigia binti yake.

"Umutesi, samedi baba mudogo ndiye atakusindikiza. Mi nitatangulia kukaa... Hapana, siko mugonjwa. Utanikuta tu ndani, nimeshakaa."