Koti la Steringi

Harufu ya kitambaa kilicholowa kikibanwa na pasi ya makaa hunirudisha Kendu Bay mara moja, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, ambako mama alishonea nguo tangu kabla sijazaliwa. Makaa, mafuta ya cherehani, vumbi la chaki, na kwa mbali omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani: hiyo ndiyo iliyokuwa hewa yangu. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa sababu muda mwingi mdomo wake ulikuwa umebana pini. Alishona sare za kwaya ya kanisa letu, na kazi hiyo aliionea fahari kuliko zote. Nyumbani sheria zilikuwa nyingi, lakini moja haikuwa na mjadala: mtoto wake hakanyagi kibanda cha video. Kibanda chenyewe kilikuwa nyuma ya mashine ya kusagia unga, na mama alikitaja kwa sauti ambayo watu wengine hutajia choo. Mimi, nikiwa darasa la tano, nilikuwa nimeshakikanyaga mara nne. Sitawasingizia marafiki. Nilijipeleka kwa miguu yangu miwili, mchana kweupe, saa ambazo mama alijua niko mazoezini na kwaya ya watoto.

Mara zote nne nilitazama filamu ile ile. Ilikuwa ya majambazi wa Marekani ya zamani, enzi pombe ilipopigwa marufuku huko, na steringi, yaani mhusika mkuu, alikuwa akiivusha mpakani kwa siri, mapipa kwa mapipa. Watu wa Kendu Bay hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Chang'aa wanaijua, na chifu anayeimwaga wanamjua. Lakini steringi huyu alikuwa maridadi. Viatu viling'aa hata akitoka vumbini, kofia ilimkaa upande, bastola mbili zilining'inia kiunoni kama za wale wapanda farasi wa sinema za kauboi, na juu ya yote kulikuwa na koti. Akipanda farasi, koti lilifunguka nyuma pande mbili. Akishuka, lilijifunga lenyewe. Televisheni ya kibandani ilikuwa imechoka na iligeuza kila kitu kijani, kwa hiyo sote tulijua kwamba koti ni la kijani. Mwishoni, katikati ya barabara tupu, alipigwa risasi moja kifuani upande wa kushoto, akafa. Mara ya kwanza wanaume walizozana na mwenye kibanda kwa muda mrefu, maana steringi huwa hafi, kila mtu anajua hivyo, na wao walidhani wameonyeshwa kanda mbovu.

Kisha akaja Omondi, kijana aliyeuza vipuri vya baiskeli sokoni, na kitambaa cha kijani alichokitafuta hadi Migori. Alikuwa anaoa msichana wa Sori baada ya wiki mbili, na alitaka aingie kanisani na koti la steringi.

"Mama Akinyi, ni refu hivi, na nyuma linafanya hivi," alisema, akizunguka chumbani mikono ameitandaza. Mama alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Si uje tu ulione, yawa. Ni dakika kumi."

"Mimi? Kwenye kile kibanda?"

Omondi aliondoka ameshika kichwa. Kitambaa kilitosha koti moja tu, na duka alikokipata halikuwa na kingine.

Siku ya kukata, mimi ndiye niliyeshika ncha ya kitambaa mezani. Nikaona mstari wa chaki. Mama alikuwa amechora mpasuo mfupi nyuma, wa kiganja kimoja, kama ule wa koti la mwalimu mkuu wetu. Nikinyamaza, kitambaa kinaharibika na harusi ya watu inaingia doa. Nikisema, nimekwisha. Mkasi ulikuwa umeshafunguka niliposikia sauti yangu.

"Mama, mpasuo unafika kiunoni. Na kuna kipande cha ndani kinachouziba."

"Umejuaje?" Hakuinua kichwa.

Ningeweza kusema nimeambiwa na Omondi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, sijui ulipotelea wapi. "Nililiona," nikasema. "Mara nne." Hesabu hiyo hakuniuliza, niliitoa mwenyewe, mjinga mimi.

Mama aliweka mkasi chini. Alitoa pini mdomoni moja moja, akajifunga kilemba kichwani, akaning'iniza futi ya kupimia shingoni. "Twende," akasema. Nilijua napelekwa kwa mzee wa kanisa, na njia nzima nilitamani kukojoa. Lakini tulipofika kwenye mashine ya unga tukakata kona, na mama akainama akaingia kibandani. Wanaume walisimama wote. "Nataka ile yenye koti," mama alimwambia mwenye kibanda, akakaa kiti cha mbele kabisa. Mwanzoni alitazama kwa jicho la pembeni. Koti lilipotokea kwa nyuma, akasema, "Simamisha hapo," akaenda akalaza futi juu ya kioo, kutoka bega hadi kiunoni, akapima. Hakuna aliyethubutu kucheka. Baada ya hapo hakuwa na kazi tena mle ndani, ila alirudi akakaa. Steringi alipomnywesha farasi maji kabla ya kunywa mwenyewe, nikamsikia akisema polepole, "Angalau ana huruma." Ilipobaki sehemu ndogo tu, jenereta likakohoa, petroli ikaisha.

Tulirudi nyumbani, mimi nikihesabu viboko vinavyoningoja. Karibu na mlango mama akauliza, "Sasa, mwisho wake inakuwaje?" Nilimtazama. Alikuwa anataka kujua kweli. Na hapo ndipo nilipoogopa upya, kwa sababu mama asingemshonea bwana harusi koti ambalo mtu alifia ndani yake. Kwetu jambo kama hilo si la mzaha. Nikamwambia steringi alimwaga pombe yote mtoni, akavuka mpaka, akaoa. "Vizuri," mama akasema. "Siku nyingine utaniambia unakokwenda. Na mimi nitamwambia mwalimu wa kwaya nilikokwenda leo." Basi, ikawa imeisha. Nilikaa kizingitini nikalia kwa raha.

Omondi aliingia kanisani Sori ameng'ara, watoto wakimfuata nyuma kuona koti likifunguka. Kasoro niliiona moja: kimfuko kidogo kifuani, upande wa kushoto, ambacho hakikuwa kwenye filamu. Nilinyamaza. Siku hizo nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Sasa naishi Homa Bay, na binti yangu hutazama filamu mezani huku akinisimulia hata nisipomuuliza. Juzi tuliipata ile ya zamani kwenye simu. Koti ni la kahawia. Nilicheka mpaka machozi, nikampigia mama, naye akasema simu yangu ndiyo imeharibika. Omondi, akaongeza, ana kitambi na wajukuu, na koti halimwingii tena.

"Mama," nikasema, "yule mtu alikufa. Mwisho ule nilikudanganya."

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Omondi aliniambia siku alipokuja kulijaribu. Akanionyesha kwa kidole risasi ilipoingia. Ndiyo maana nikashona mfuko hapo, kupaziba."

Miaka yote hiyo. Nikamuuliza mbona hakuwahi kunisema.

"Siku ile ulikuwa umeniambia ukweli mmoja mgumu, nyathina, mwanangu," mama akasema. "Niliona unatosha."

Kisha cherehani ikaanza tena.