Makofi ya Kasha

Profesa wetu wa biolojia alitusemea: "Kama maman wa kule mutaa wa Kasha hasikie maana ya utafiti wako, umeanguka mutihani."

Basi juzi, kiisha misa, nikaenda Kasha kueleza namna konokono za mutoni zinaletaka ugonjwa. Juu ya heshima, nikaazima abacost ya tonton, mujomba wangu, ile koti ya wakubwa wa chama cha siasa wenye hotuba ndefu.

Nikasema konokono, watu wakapiga makofi. Nikasema maji machafu, wakaongeza vigelegele. Nikajiona musemaji mukubwa. Profesa alisimama nyuma. Nilijua iko ananiandikia distinction, alama ya juu.

Profesa akamuuliza maman mumoja: "Maman, huyu kijana ameeleza nini?"

"Sijue, papa. Watu wa abacost, ukiwapigia makofi mingi, wanamalizaka hotuba mbio."