Nusu ya Betri ya Mama Kyakimwa

Ukitaka kumuudhi Mama Kyakimwa, huna haja ya kumtukana. Gusa betri yake tu. Betri yenyewe imefungwa ubavuni mwa nyumba ya bintiye Déborah, huko Mount Druitt, magharibi ya mbali ya Sydney, upande ule usiopigwa sana na jua. Ni sanduku jeupe lisilo na makuu. Mama hulipangusa kwa kitambaa kibichi kila akimaliza kuanika nguo, na akipita karibu nalo huliwekea kiganja kidogo, kama anayepima homa ya mtoto.

Paneli za sola zilizo juu ya paa ni za Déborah na mumewe. Betri ni ya mama. Aliinunua kwa akiba ya miaka yake yote ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee kule Seven Hills. Wenzake wa kwaya walipostaafu walinunua makochi, na mmoja alikwenda Kanada kuwaona wajukuu. Yeye alitaka betri, na hakuona sababu ya kujieleza kwa mtu.

Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa Mkenya, jina lake Ephraim, mtu wa maneno mengi na kazi safi. Alipomaliza aliuliza swali analowauliza wateja wote: kiasi gani cha betri kiwekwe kando, kisiguswe, kwa ajili ya siku umeme wa gridi utakapokatika? Watu wengi hutaja kidogo tu, maana Sydney umeme haukatiki ovyo. Mama Kyakimwa hakupoteza muda kufikiri.

"Nusu," alisema.

Ephraim alidhani ni mzaha, akacheka peke yake. Alipoona hakuna anayecheka naye, akabonyeza nusu.

Basi matatizo, kama tutayaita matatizo, yalianzia hapo. Mchana jua la Mount Druitt liliijaza betri mapema, na umeme uliobaki ukamwagika kwenye gridi kwa malipo ya kuchekesha, kwa sababu saa sita mchana kila paa la mtaa linamwaga wake na hakuna anayeuhitaji. Jioni watu waliporudi kazini, majiko yakawashwa, viyoyozi vikawashwa, betri ilitoa umeme mpaka ikafika nusu, ikanyamaza. Kuanzia hapo nyumba ilinunua umeme wa gridi, tena katika saa zile ambazo umeme ni ghali kuliko saa zote. Na nusu nzima ya betri ikakaa palepale ukutani, imenona, haifanyi kazi yoyote, wiki baada ya wiki.

Déborah anafanya kazi ofisini Parramatta na hapendi kitu kinachokaa bure. Aliliona jambo hilo kwenye simu, mahali mchoro wa betri ulipoonyesha mstari unaoshuka kila jioni hadi katikati na kulala hapo. Alimuuliza mama yake. Mama akamjibu kwamba ndivyo betri inavyotunzwa, akaendelea kuchambua maharage.

Ili kumwelewa mama huyu lazima turudi Butembo, na yeye mwenyewe hurudi huko kila siku bila tiketi. Butembo ni mji wa vilima na baridi, wenye wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na kurudi na makontena, na wenye maduka yaliyojaa hadi barabarani, lakini katika ujana wake hapakuwa na nguzo moja ya umeme iliyofika mtaani kwao. Mumewe, Moïse, aliuza vipuri vya pikipiki. Alikuwa mtu wa kwanza katika mtaa ule kuweka paneli juu ya bati, na chini yake betri kuukuu ya lori, nzito hata watu wawili waliibeba kwa kuguna.

Tangu siku hiyo nyumba yao haikujua upweke. Jua likikaribia kuzama watu walianza kuingia: huyu na simu, yule na redio, watoto na madaftari yao wakigombea nafasi chini ya taa. Simu zilipangwa juu ya benchi, kila moja na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Aliyeleta simu hakuiacha akaondoka. Alikaa akasubiri, na kusubiri huko ndiko kulikokuwa maisha. Humo ndimo zilimofahamika habari za nani ameposwa, nani amerudi, kahawa imepanda au imeshuka. Kyakimwa alipika chai kwenye sufuria ya sherehe. Alilalamika kila siku kwamba watu wanammalizia sukari, na leo angetoa chochote ili apate jioni moja ya kulalamika vile.

Lakini Moïse alikuwa na sheria yake. Betri ikifika nusu alisimama, akachomoa nyaya zote, hata kama simu ya chifu ilikuwa bado haijajaa. Nusu iliyobaki ilikuwa ya maternité, wodi ya wazazi. Kituo cha afya cha mtaa kilikuwa na mkunga hodari na kitanda kizuri, ila hakikuwa na taa. Mwanamke akishikwa na uchungu kiza kimeingia, mkunga alituma mtu kwa Moïse. Akisaidiwa na mjumbe huyo, Moïse aliipandisha betri kwenye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili wanalobebea mizigo kule, akaisukuma mpaka mlangoni pa wodi, akaunganisha balbu. Kisha alikaa nje kwenye jiwe akisubiri kilio cha mtoto. Hakuchukua malipo. Wanawake wa mtaa ule walimjua wote, na watoto kadhaa waliitwa Moïse, wengine wao wasichana, jambo lililomfanya acheke hadi ashike mbavu.

Baadaye vita vilikuja, wakakimbilia Uganda, na paneli ikabaki juu ya bati. Moïse alifia huko kambini kabla karatasi za Australia hazijatoka. Kyakimwa alishuka ndege Sydney na watoto na picha moja ya mumewe. Hapa hana kaburi la kupalilia wala watu wa kumwambia "marehemu alikuwa mtu mwema," kwa kuwa hakuna aliyemjua. Amebaki na ile sheria tu. Betri ikisimama nusu jioni, kwake ni kama Moïse amepita akachomoa nyaya.

Jumapili moja baada ya kanisa Déborah alimwalika Ephraim. Mama, aliyejua vizuri kwamba mgeni huyo hakuitwa kwa ajili ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, alimpikia sombe hata hivyo, na bugali, na samaki, na hakuruhusu neno la umeme litamkwe mezani mpaka sahani zilipoondolewa. Kisha Déborah akageuza simu yake ili wote waone.

"Mama, angalia. Tuko na mipango mbili ya kuchagua," alisema. "Hii ya sasa, tunanunua bei moja siku yote na tunauza bei kidogo siku yote. Hii ingine, mchana kununua iko rahisi sana, mangaribi iko ghali. Lakini tukiuzia gridi mangaribi, wanalipa vizuri. Batteri inajaa na jua, mangaribi inalisha nyumba na ingine inauzwa. It just makes sense, Mama. Lakini hiyo nusu lazima ishuke."

"Ishuke mpaka wapi?"

"Ephraim anasema tubakishe kidogo tu. Sehemu moja ya kumi."

"Hapana. Nusu hatugusi."

Ephraim aliona afadhali atie neno. "Mama, si ni waste? Hapa Sydney stima haipotei hivyo. Kwa wateja wangu wote hakuna mwenye ameweka nusu. Ni wewe pekee."

"Basi niko peke yangu," alisema Mama Kyakimwa, na akamrudishia mezani samaki ambaye hakumwomba.

Déborah alivuta pumzi. Alikuwa na uchovu wa wiki nzima, na uchovu humfanya mtu aseme kweli bila kuipiga pasi. "Mama, najua ni ya Papa. Najua ni ya maternité. Lakini hapa maternité iko na jenereta yake. Hakuna mwanamke wa Mount Druitt anangojea batteri yetu."

Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Déborah hofu. Alinyanyuka, akajifunga vizuri kitenge, akatoka kwa mlango wa jikoni. Walimwona kupitia dirishani amesimama mbele ya sanduku lake jeupe, na kwenye uzio nyuma yake kasuku weupe wakipiga kelele zao za kila siku. Aliyoambiwa ni kweli, naye alijua ni kweli. Alikuwa ameyajua siku nyingi. Lakini alihisi kwamba akisema ndiyo, Moïse atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa kibali chake mwenyewe.

Ephraim alimfuata nje. Alisimama kando, akajifanya anakagua nyaya zisizo na tatizo.

"Hii ya mangaribi," mama alimuuliza bila kugeuka, "hii munauzisha. Inaenda kwa nani?"

"Kwa gridi, Mama."

"Gridi si mutu. Nakuuliza inaenda kwa nani."

Ephraim alikuna kichwa. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. Wao huuliza inalipa nini. "Kwa jirani," alisema hatimaye. "Stima haiendi mbali kama kuna mtu karibu anaitumia. Ikitoka hapa kwako inaingia kwa laini ya hii barabara, na nyumba ya kwanza yenye imewasha kitu, inakunywa. Jioni paneli za watu zimelala. Kwa hivyo ni hawa tu. Hizi nyumba unaona."

"Hata kwa Gloriose?"

Gloriose ni Mrundi anayepanga nyumba ya ng'ambo ya barabara, mama mwenye watoto wadogo na zamu za ghalani. Paa lake halina kitu, maana mpangaji hawezi kufunga paneli kwenye nyumba ya mtu. Walisalimiana kwenye kituo cha basi na kanisani, basi, kila mmoja akaenda zake.

"Gloriose kwanza," alisema Ephraim. "Ako hapo tu."

Mama Kyakimwa aliitazama nyumba ile muda mrefu. Aliporudi ndani alimwambia bintiye abonyeze huo mpango mpya, na abakishe moja ya kumi kama fundi alivyosema. Déborah alimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Alijibu kwamba akiulizwa mara ya tatu atabadili mawazo.

Mpango ulianza kufanya kazi katikati ya wiki. Jioni hiyo Déborah alikuwa bado kwenye treni, na mama alikuwa jikoni na simu aliyofundishwa kuisoma. Mstari wa betri ulianza kushuka. Ulifika nusu, naye akashika ukingo wa meza. Haukusimama. Mshale mdogo uligeuka ukaelekea nje, na umeme ukaanza kuondoka nyumbani kwao kuingia barabarani. Madirisha ya mtaa yaliwaka moja baada ya jingine.

Alijikuta anasikiliza mlango. Alijicheka kwa hilo, lakini aliendelea kusikiliza. Miaka yote ile, taa ilipowaka kwake watu walikuja. Sasa taa za watu zinawaka kwa umeme wake, na hakuna hatua hata moja kibarazani, hakuna anayebisha, hakuna atakayemmalizia sukari. Ilimuuma, na hakuna haja ya kulizungusha: ilimuuma vibaya. Alikuwa ametoa nusu ya Moïse, na nusu hiyo ilikuwa imepita kwenye waya kimyakimya bila mtu kujua.

Alizima jiko. Akavaa viatu, akavuka barabara, akabisha kwa Gloriose.

Gloriose alifungua haraka, mwiko mkononi, uso umeshituka. Katika mji huu mtu hapigi hodi bila kupiga simu kwanza, isipokuwa kuna msiba. "Mama Déborah! Kuna nini? Nani amepata shida?"

"Hakuna shida. Nimekuya tu kuona kama taa inawaka."

Gloriose aliangalia juu, kisha akamwangalia mgeni wake. Wanawe wawili walikuwa mezani na madaftari, na kwenye jiko sufuria ya maharage ilikuwa ikichemka. "Inawaka vizuri," alisema kwa sauti ya mtu asiyeelewa lakini aliyelelewa vyema. "Karibu ndani, mama. Karibu ukae."

Mama Kyakimwa aliketi kwenye kiti alichovutiwa, mkabala na watoto. Aliitazama balbu. Ilikuwa balbu ya kawaida kabisa, yenye vumbi kidogo.

"Hii courant ya taa," alisema, "ni ya Moïse."

Gloriose alipunguza moto, akavuta kiti kingine, akaketi karibu naye.

"Moïse ni nani, mama?"

Tangu ashuke ndege katika nchi ile, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.