Pamba ya Mama na Boti ya Bluu

Harufu ya rangi ya mafuta hainiachi. Mtu akipaka mlango wake hapa Lamadi na upepo ukaniletea, nafunga dirisha. Wenzangu wakiisikia wanafikiria nyumba mpya na sikukuu. Mimi naona boti ya bluu imelala juu ya magogo, inang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi, na mama yangu amesimama kule barabarani, kanga ameikaza kiunoni, haruhusiwi kuisogelea boti ambayo yeye mwenyewe ndiye anainunua.

Sisi si watu wa ziwa. Kwetu ni huko Bariadi ndani, kwenye udongo mweusi, tukilima pamba. Baba alipofariki, mama aliuza ng'ombe waliobaki akatuleta Lamadi, mimi na kaka yangu Masunga. Akaanza kuanika dagaa wa watu mchangani. Asubuhi mikono yake ilikuwa na magamba mpaka kwenye viwiko, na jioni mimi ndiye niliyemsugua mgongo kwa jiwe. Masunga alikuwa ameshakuwa kijana, amejifunza kupiga kasia kwa kuwasaidia wavuvi, na mama aliona hakuna sababu mwanawe avulie matajiri mpaka azeeke. Alitaka boti ndogo tu ya kutega nyavu humu humu kwenye ghuba, ambapo maji yametulia na ukiwa kazini bado unaona mapaa ya nyumba. Hakutaka utajiri. Alitaka Masunga aende na arudi.

Lakini mahali pa kuundia boti, mwanamke haingii. Ndivyo walivyosema wanaume wa mwaloni, pale boti zinapofikia ufukweni, kwamba mwanamke akiisogelea boti kabla haijagusa maji, boti hiyo itakuwa na mkosi. Ikishaingia majini, hapo sawa, anaweza hata kupanda. Kwa hiyo aliyekwenda kuchagua kwa niaba yetu ni baba mdogo Shigela, mdogo wake marehemu baba. Namtaja kwa jina. Ameshakufa, na watu wananiambia nimwache apumzike, lakini kaka yangu naye amekufa na hakuna aliyeniuliza kama amepumzika.

Siku hiyo kulikuwa na boti mbili. Moja ilikuwa haijapakwa chochote, pana tumboni, imekaa chini kama kuku anayeatamia. Nyingine ndiyo ile ya bluu, nyembamba, ya kupendeza macho. Mama alipaza sauti kutoka barabarani.

"Shemeji, chukua hiyo pana. Mtoto akisimama kuvuta nyavu isimyumbishe."

"Mayu, hiyo ni karai la kufulia," Shigela akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma, na fundi Magesa akacheka naye. Magesa ndiye aliyeziunda zote mbili. "Hii ya bluu inakimbia. Si unataka samaki?"

"Umeshika mianya ya mbao kwa mkono wako? Zimekauka?"

"Boti haishikwishikwi kama ng'ombe mnadani."

Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akadakia, "Mwacheni aje aishike mwenyewe. Itazaa badala ya kuvua." Wakacheka wote. Mama hakucheka. Alinituma mimi, niliyekuwa bado mtoto na sikuhesabiwa mwanamke, nikamlete Shigela pale barabarani, akamkabidhi kiroba cha pamba, pamba ya shamba letu la mwisho, aliyokuwa ameichambua mbegu kwa vidole vyake jioni baada ya jioni. Pamba ndiyo inayoshindiliwa katikati ya mbao ili maji yasipite. Akamwambia, "Yote iingie kwenye boti, shemeji. Usibakize." Shigela akakibeba kiroba begani, akarudi nacho kwa Magesa.

Boti ya bluu iliingia majini na ikaanza kuvuja siku hiyo hiyo. Magesa akasema mbao mpya lazima zinywe maji kwanza, zikishiba zitabana. Maneno hayo ni ya kweli kwa boti nzuri, ndiyo maana tuliyaamini. Masunga alivua nayo kwa wiki kadhaa, kasia mkono mmoja, kopo la kuchotea maji mkono mwingine. Kisha mama akatutuma tupeleke magunia ya dagaa mwalo wa jirani, mimi na Masunga, mchana kweupe. Hakukuwa na dhoruba. Ulikuja upepo wa kawaida tu, ule unaopindua majani ya migomba, na ile boti nyembamba ikalala upande mmoja, ikarudi, ikalala tena. Mbao ya pembeni ikaachia. Niliona vitu vya njano vikitoka kwenye mwanya na kuelea, vipande vipande, laini. Nilidhani ni ugali. Ilikuwa sponji ya godoro.

Masunga alimwaga maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye dumu, akafunga kifuniko, akanisukumia. "Kumbatia hili, Minza. Hata nikikuita, usiliachie." Hakuniita. Alikuwa anapiga maji nyuma yangu, kisha nikawa nasikia maji tu. Wavuvi walinichukua jua likiwa bado juu. Yeye walimpata kesho yake.

Msiba ulikaa kwa Shigela kwa sababu yeye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo. Wakamlaza mama kwenye chumba cha Shigela, na mimi pembeni yake. Godoro lilikuwa jipya, limeshonwa kwa mkono, gumu, na lilikuwa linachoma. Mama akapitisha vidole kwenye mshono, akatoa pamba, na ndani yake mbegu alizokuwa amezisahau. Aliitambua kama mtu anavyotambua nywele za mtoto wake. Akatoka nayo mkononi mpaka walipokaa wanaume.

"Shigela. Godoro lako la zamani la sponji liko wapi?"

Shigela akatazama chini. Magesa akainuka akasema anakwenda kuangalia moto. Na yule mzee wa nyavu akasema, kwa upole kabisa, kwamba huzuni imempanda mama kichwani, na kwamba kila mtu alimwona siku ile akipiga kelele karibu na boti ambayo haijagusa maji. Wakamtoza mbuzi wa kuusafisha mwalo. Mama alizika mwanawe, kisha akatoa mbuzi, na waliomla mbuzi huyo ni hao hao.

Mimi shule niliishia darasa la nne, mwaka huo huo. Nimeanika dagaa, nimekaanga sangara, nimepata watoto. Na mwaka huu kitindamimba wangu amesema anataka kuvua kwenye ghuba, na nimeona kumkataza hakutamzuia. Siku hizi kuna wanawake wenye boti za mashine, na kwenye mikutano viongozi wanatusifu. Lakini nilipofika wanakoundia, kijana mmoja alisema, "Mama, huku kina mama hawaingii. Tuma mwanaume."

"Tulishatuma," nikamwambia, nikapita.

Nilichagua pana, isiyopakwa rangi. Nilijilaza chini yake mchangani na bisibisi, nikachokoa mianya yote, nikivuta pamba na kuinusa. Wakasema, "Bibi anatafuta mayai." Nikawaacha waseme. Fundi akauliza nataka rangi gani. Nikamwambia rangi itakuja baada ya maji kuikagua. Ikaingizwa majini, nikaamuru ijazwe mawe izame, mbao zinywe maji zishibe, na ilale hapo, na asubuhi mawe yakatolewa, maji ya ndani yakachotwa yote. Nikapanda mimi wa kwanza. Nikakaa chini kabisa juu ya mbao, mahali ambapo mama hakuruhusiwa hata kupagusa, na nikawaambia waniyumbishe. Wakayumbisha mpaka wakachoka. Nilikaa pale hadi jua likahamia upande wa pili.

Kisha nikainuka, nikashika pindo la kitenge changu. Lilikuwa kavu. Ndipo nikamwita mwanangu apande.