Nepi ya Mtoto wa Wangeci

Wangeci wa Ruiru alikuwa mchuma kahawa, na usafi ulikuwa damuni mwake. Alifunzwa na mama yake kwamba mtoto hapelekwi mbele ya watu akiwa mchafu, na kwa daktari ndiyo kabisa. Basi mwaka wa 1957, mwanawe Githinji alipogeuka manjano, kila siku ya kliniki alimwogesha, akamfunga nepi safi, akaomba ruhusa ya kutoka kijijini, maana ilikuwa Hali ya Hatari na mkoloni hakuruhusu watu kutembea ovyo, akashika njia ya Thika kwa miguu.

"Wangeci, umetuzalia mzungu?" wenzake walimtania shambani.

"Mwacheni, jua halijamwona bado," alijibu. Hata kucheka kulimchosha.

Kliniki walitazama macho ya mtoto, wakampa dawa, akarudi. Ikawa hivyo tu, kwenda na kurudi.

Siku moja mvua ilimkuta njiani. Githinji akachafua nepi wakiwa karibu kufika, na ile ya kubadilisha imelowa chapachapa. Wangeci aliingia ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, sista. Leo nimekuletea uchafu."

Muuguzi, Ndinda, alifungua nepi. Kinyesi kilikuwa cheupe kama majivu.

"Mama Githinji, huwa hivi?"

"Siku zote. Si ni maziwa?"

"Na mbona hukutuonyesha?"

"Sista, nani anamwonyesha daktari kinyesi?"

Ndinda alimwita daktari. Huyo alibonyeza tumbo, akaeleza pole pole: nyongo, ambayo ndiyo hukipa kinyesi rangi, haitoki kwenye ini kwenda matumboni, mrija wake umefura na kuziba. Usipofunguliwa, ini litaharibika, na mtoto hataishi.

Wakapelekwa Nairobi, Githinji akapasuliwa. Daktari wa upasuaji aliukata ule uvimbe, akaunganisha mrija na utumbo.

"Sasa tungoje rangi," alimwambia Wangeci. "Ikija, njia imefunguka. Isipokuja, mama, sina lingine la kufanya."

Wangeci akakaa kando ya kitanda. Alifungua nepi, kinyesi cheupe. Akafungua tena, cheupe. Maombi yalimwishia maneno, akabaki kumwambia Mungu, wewe unajua.

Asubuhi moja, akisinzia, mikono yake ikafungua nepi kwa mazoea tu. Ilikuwa ya manjano, kama boga lililopondwa.

Mama wa usafi akasogeza ndoo. "Lete nikufulie, umechoka."

Wangeci aliivuta nepi kifuani, pamoja na uchafu wake.

"Ngoja kwanza, mama. Hii daktari ataiona."