Ukoo Usio na Kasoro

Ukoo wetu, Mungu ashukuriwe, hauna kasoro. Kasoro zote huletwa na wake wanaoolewa kwetu. Ndivyo asemavyo mama yangu, na mimi nani nimbishie?

Kwa hiyo mjukuu wake wa kike aliposhindwa kutulia darasani, akawa anajibu maswali kabla hayajaulizwa na kurudi nyumbani na kiatu kimoja, mama alijua pa kulenga. "Mkwe wangu hajui kulea. Nipeni huyo mtoto nikakae naye kwangu, nimnyooshe kama nilivyomnyoosha baba yake." Begi likafungwa. Mtoto alilia mpaka akashikwa na kwikwi, ila kwetu kilio cha mtoto kilisikilizwa lini?

Huyo baba aliyenyooshwa ni kaka yangu, fundi redio. Mtaani wanamwita Nakuja, maana husema "nakuja" kisha akatokomea. Mezani kwake redio nne ziko wazi matumbo nje, na ya tano ndiyo anaianza. Wifi yangu, yule asiyejua kulea, humpa kazi moja moja, zilizobaki anazificha chini ya kitanda. Wateja wanamsifu fundi.

Wifi aliomba jambo moja tu: mtoto asiondoke kabla hajaonwa na daktari. Tukaenda naye, kaka, wifi na mimi. Mama naye akaja, kulinda heshima ya ukoo.

Daktari alisema dalili za mtoto ni kali, lakini si ukaidi wala kosa la mama yake. Hali hii mara nyingi hurithiwa. Nyumba yenye utaratibu humsaidia, fimbo humzidishia.

"Kuna mwingine kwenu aliyekuwa hivi?"

"Kwetu? Thubutu!" mama akaruka. "Labda baba yake tu. Alikuwa hakai, hasikii la mtu, anapoteza hadi kaptula. Lakini nilimtandika, akanyooka!"

"Akanyooka?" Daktari alikuwa anatazama nyuma yetu.

Tukageuka. Kaka amepiga magoti sakafuni, feni ya daktari ameifumua yote, skrubu ziko mdomoni. Binti yake amemshikia bisibisi, katulia tuli, mara ya kwanza tangu tuingie.

Nilicheka, jamani, nilicheka! Kaka akazitema skrubu kiganjani.

"Mama," akasema, "sikunyooka. Niliumia tu."

Kicheko kikanikauka. Mama, mwenye jibu la kila kitu hadi la mvua, akabaki kuzitazama skrubu kiganjani mwa kaka. Nilimwonea huruma, na kaka nilimwonea zaidi.

"Maliza hiyo feni kwanza," wifi akamwambia mumewe taratibu. Akaimaliza.

Tulipofika nyumbani, mama alilifungua begi kwa mkono wake, akazirudisha nguo za mtoto kabatini. Chini kabisa akakuta kiatu, kimoja. Akakigeuzageuza, akamtazama mkwe wake, kisha akainama kukitafuta kingine chini ya kitanda, katikati ya redio.