Aliyekwangua Mizeituni ya Kanisa

Msomaji wangu, niapie kwanza kwamba hili halitatoka kinywani mwako. Mimi pia niliapa, ila hasira imenishinda.

Nyuma ya kanisa letu hapa Malvern, kwenye mteremko, tulipanda mizeituni tupate mafuta ya kuombea wagonjwa. Mvua ya Jozi, Johannesburg yetu hii, haibembelezi, ikawa inazoa udongo. Sisi kina mama tukafunika mashina kwa nyasi kavu, na majani katikati ya miti tukayaacha yashike ardhi. Lakini kila Jumapili tulikuta pamekwanguliwa peupe, mizizi nje kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Mti mmoja ukaanguka.

"Ni wachawi!" akatangaza mzee wa kanisa. "Tufunge na kuomba."

Tukafunga. Njaa ile sitaisamehe.

Jumamosi kwaya ilimaliza mazoezi mapema, tukatokea nyuma sote. Mzee yule yule, suruali kaikunja hadi magotini, analima majani yetu!

"Papa," nikamwita, kama tunavyowaita baba zetu, "unafanya nini?"

"Mama, kesho tuna wageni. Uwanja wa Mungu ukae pori?"

"Na wachawi je?"

Akaficha jembe mgongoni, mpini ukachungulia juu ya bega lake, kwaya nzima ikiutazama.